Sauti Nyuma ya Shuka

Kwa miaka tisa, mtu aliyejulikana kuliko wote mjini Embu hakuwa mkuu wa wilaya, wala mchungaji, wala yule daktari wa meno mwenye gari jekundu. Alikuwa Muchangi wa Manyatta, na waliomjua kwa sura wasingejaza benchi mbili. Wengine wote walimjua kwa sauti.

Kila Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa video wa Kasim kule Majengo, nyuma ya bucha, Muchangi aliketi juu ya kreti ya soda kando ya televisheni, amefichwa na shuka la maua lililoning'inizwa kwenye kamba. Aliiona filamu upande upande, akashika maikrofoni, akawatafsiria watu. Shuka lilikuwa wazo la Kasim. Alisema sauti nzuri ikishaonekana kwamba ina pengo la meno na koti la mtumba, watu wanaivunjia heshima. Basi watu wakasikia sauti tu, nzito, ya mtu asiye na haraka. Na kutafsiri kwenyewe! Wachina wa filamu za Muchangi walipigana mjini Kutus, wakafukuzana mpaka Runyenjes, na jambazi mkuu siku zote alikuwa mtu wa Nairobi. Wanawake wa kwenye filamu, vijana kwa vikongwe, aliwapa wote sauti moja: nyembamba, ya puani, ya kulialia. Ikitoka hiyo, ukumbi mzima ulishika mbavu. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo peke yake.

Sasa, mwaka huu wa tisini na tisa, sauti ya Muchangi ilikuwa imekwisha. Ilianza mwezi wa Juni kama mafua, ikawa kukwaruza, ikawa mnong'ono. Daktari alimmulika kooni akasema kuna uvimbe. Atapasuliwa Septemba, na hata akipona, ile sauti ya zamani aisahau. Muchangi alirudi nyumbani akawaeleza mkewe Alice na binti yao Tabby, kisha akawaapisha wasimwambie mtu yeyote. Kwa Kasim alituma habari kwamba ana homa.

Homa ya Jumamosi mbili watu huiamini. Ya tatu, watu huanza kuulizana. Kasim naye akatuma neno lake Manyatta, fupi, bila salamu: Jumamosi hii Muchangi aongee. Asipokuja, kiti ni cha Njuki.

Huyo Njuki alikuwa mpiga debe wa stendi ya magari, na kwa miaka mitatu alikuwa akitangaza kwamba anaweza kutafsiri kumshinda Muchangi. Sauti kubwa alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Hata punda anayo.

Aliyelipokea neno la Kasim pale langoni ni Tabby, na hakumpelekea babake mara moja. Alisimama nalo kwanza kando ya mibuni iliyonyauka kwa kiangazi, akalipima. Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, likizo ya Agosti, na kichwa kigumu ambacho mamake alisema kimetoka upande wa baba na babake akasema kimetoka upande wa mama. Jambo aliliona waziwazi. Mtu akiondolewa kwenye kiti akiwa mgonjwa, hakuna atakayemrudishia akipona. Na kumwambia Kasim ukweli hakuruhusiwa. Kwa hiyo lazima mtu aongee Jumamosi, tena aongee kama Muchangi.

Sauti alikuwa nayo. Kwenye kwaya ya kanisa aliwekwa safu ya teno pamoja na wavulana, kwa sababu wavulana hawakutosha na yeye aliweza kushuka chini kuliko baadhi yao. Nyumbani, tangu utotoni, alimwigiza babake mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Alichokosa ni filamu tu.

Alhamisi akateremka mjini kwa miguu, akaingia kwa mlango wa nyuma wa Kasim, jikoni, ambako mkewe Zuleka alikaanga bhajia za kuuzia watazamaji. Watu walimwita Mama Abubakr, na alisifika kwa mambo mawili: pilipili yake na kufunga mdomo wake.

“Mama Abubakr, ile filamu ya Jumamosi naweza kuiona leo?”

“Ya nini? Babako huwa haiangalii. Yeye huingia tu akaanza.”

“Ndiyo. Lakini mimi nataka niiangalie.”

Zuleka aliopoa bhajia kwenye mafuta. “Babako bado ana homa?”

“Bado.”

“Homa gani hii haisikii dawa?” Akajifuta mikono kwenye leso, hakungoja jibu. “Haya, ingia. Kasim ameenda Meru mpaka jioni. Lakini hii si ya ngumi, ni katuni. Anataka akina mama nao waje na watoto, maana makanisa yamemsema sana juu ya zile za damu.”

Tabby akakaa peke yake kwenye benchi la mbele, na kanda ikaanza kuzunguka.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa China, zamani za kale. Barua inatoka kwa mfalme: kila nyumba itoe mwanamume mmoja aende vitani. Baba ya huyu msichana ni mzee, mguu wake mmoja haufai, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Anachukua upanga hata hivyo, anajaribu kuuinua mbele ya jamaa yake, anaanguka. Basi alfajiri msichana anakata nywele, anavaa mavazi ya chuma ya babake, anatoa farasi zizini, huyo anaenda.

Tabby alikasirika. Unaweza kudhani angefurahi, lakini alikasirika, kama mtu aliyesomewa barua yake ya siri mbele ya darasa. Siku mbili alikuwa amelala na mpango wake akiudhani wake peke yake duniani, kumbe Wachina walishautumia wakaupaka rangi. Halafu hasira ikapoa, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi ya hasira. Akatoa daftari lake la jiografia, akairudisha kanda mwanzo, akaandika kila neno la Kiingereza alilolishika.

Jioni alimkuta babake uani akipukuchua mahindi. Mamake alikuwa akikoroga githeri mlangoni mwa jiko.

“Baba, Jumamosi nitaenda mimi kwa Kasim.”

“Kufanya nini?” Haikuwa sauti hiyo, ilikuwa pumzi yenye mchanga.

“Kuongea. Nyuma ya shuka haonekani mtu.” Na kabla hajakatazwa akavuta hewa na kuteremka mpaka chini kabisa ya kifua. “Mabibi na mabwana, na nyinyi mlioingia kwa dirisha!”

Alice aligeuka kwa ghafla akamtazama mumewe, kama kwamba ni yeye aliyesema. Muchangi hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na koti lake sokoni limevaliwa na mwingine.

“Hapana,” alisema.

“Kasim amesema usipokuja, ni Njuki.”

“Awe Njuki basi. Wakikugundua watauliza mimi niko wapi. Utawaambia nini?” Alimeza mate kwa shida. “Tabby, wale watu hawanijui uso. Hiyo sauti ndiyo mimi. Wakijua imekufa, nimekufa nayo, nitakuwa natembea tu Embu kama marehemu. Usiende.”

“Nimesikia, Baba.”

Na kweli alikuwa amesikia. Lakini kusikia na kutii ni majirani, si ndugu.

Jumamosi akatoka nyumbani saa nne, sketi ya shule na sweta, daftari la jiografia kwapani. Zuleka akampitisha jikoni na kumwingiza nyuma ya shuka kabla mlango wa mbele haujafunguliwa. Kasim alipoingia kutia kanda, aliona kreti na kivuli cha mtu aliyejifunika koti la Muchangi, ambalo Tabby alikuwa amelichukua ukutani kwao bila kuomba.

“Muchangi! Umepona?”

“Kidogo, Bwana Kasim,” ilijibu sauti nzito. “Niache nihifadhi koo.”

“Hifadhi, ndugu yangu, hifadhi.” Akaondoka akipiga mluzi.

Watu wakajaa. Tabby aliwasikia kabla hajawaona kupitia upenyo wa shuka: wauza nyama na makanga wa matatu kwenye benchi za mbele kama kawaida, na nyuma, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ujengwe, akina mama wenye vitambaa vya kichwa, watoto mapajani, na wasichana wa shule walioshikana mikono kama wanavuka mto. Njuki alikaa benchi la kwanza kabisa, miguu ameitandaza, akingoja kiti chake.

Taa zikazimwa. Tabby akaisogeza maikrofoni mpaka ikagonga meno yake. Alimwona Mchina wa kwanza akipanda ukuta na mwenge, akasema ndani yake, sasa au basi.

“Mabibi na mabwana, na nyinyi mlioingia kwa dirisha!”

Ukumbi ukalipuka. “Muchangi! Muchangi amerudi!” Watu walipiga benchi kwa viganja. Njuki peke yake aliikunja miguu yake.

Na kazi ikaenda. Barua ya mfalme ilitolewa na chifu wa Manyatta. Adui waliteremka kutoka mlimani kupitia msitu wa Irangi. Lakini safari hii, tofauti na miaka yote tisa, maneno yalilingana na midomo, na kisa kilishikana mwanzo na mwisho, kwa sababu huyu mtafsiri alijua wanasema nini. Mzee mmoja wa bucha alimwambia mwenzake kwamba homa imemwongezea Muchangi akili.

Palikuwa na jambo moja tu lililomsumbua, na ndilo hili: yule msichana. Kabla hajakata nywele alikuwa mwanamke, na wanawake wa Muchangi walikuwa na sauti moja. Tabby akaitoa. Ile ya puani, ya kulialia. Benchi za mbele zikashika mbavu, na yeye nyuma ya shuka akaona aibu mpaka masikioni, kwa maana alimpa sauti hiyo binti aliyekuwa akimwomba babake asiende kufa. Kwenye benchi za nyuma hakucheka mtu. Mama mmoja alimrekebisha mtoto pajani akatazama chini.

Basi msichana alipovaa chuma cha babake, Tabby alishukuru kama mtu aliyetua mzigo. Sasa aliweza kumpa sauti nzito, na akampa. Kwa saa nzima yule askari aliongea kama Muchangi mwenyewe, akabeba magogo, akaanguka, akainuka, akawapita wanaume, akafyatua mlima wa theluji ukawafunika adui. Makanga walikuwa wamesimama. Mmoja alilia, “Huyo ni mwanaume!” na wasichana wa nyuma wakacheka kwa kuwa walijua zaidi yake.

Kisha filamu ikafika darajani. Jemadari amesimama na jeshi lake lote, kofia ya chuma ya yule askari inaanguka, na nywele zake, ambazo vita virefu vilikuwa vimeziacha zikue, zinashuka mpaka mabegani. Jemadari anachomoa upanga. Msichana yuko magotini, na sasa lazima aseme kwa nini alikuja.

Benchi za mbele zilijua kinachofuata. Zilianza kucheka kabla hakijafika.

“Lete!” Njuki alipiga kelele. “Lete ile ya wanawake!”

“Lete! Lete!”

Midomo ya msichana kwenye kioo ilianza kucheza. Tabby akafunika maikrofoni kwa kiganja. Sauti ya puani ilikuwa pale kooni, tayari, na angeitoa, watu wangecheka, filamu ingeisha, kiti kingebaki cha Baba na siri ingebaki siri. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini ilikuwaje huyu aliyezika jeshi chini ya theluji arudi kuwa kichekesho kwa sababu nywele zimeonekana? Nzito nayo haikufaa tena, kwa kuwa ilikuwa ya kujifichia, na huyu hakuwa amejificha tena. Tabby alimwomba babake msamaha kimoyomoyo. Halafu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile anayoitishia maji na anayoombea chumvi kwa jirani:

“Nilikuja badala ya baba yangu. Angekuja mwenyewe, angekufa.”

Kicheko kilikatika.

“Huyo si Muchangi,” mtu alisema.

Njuki alikuwa ameshasimama. Hatua mbili, akashika shuka la maua, akalivuta na kamba yake yote. Na hapo, juu ya kreti ya soda, ndani ya koti kubwa la kiume, alikuwepo msichana mwenye sketi ya shule na daftari la jiografia magotini.

Sijui kama umewahi kuona watu wakikasirika kwa kuwa walifurahishwa na mtu wasiyemtarajia. Ni hasira mbaya. “Tumedanganywa!” “Muchangi yuko wapi?” “Toa huyo!” Kasim alikuja mbio, akabonyeza kitufe, na picha ikaganda jemadari ameinua upanga.

“Wewe si ni mtoto wa Muchangi? Babako yuko wapi?”

“Yuko nyumbani.”

“Na kwa nini hajakuja?”

Tabby hakushuka kwenye kreti, na maikrofoni hakuiachia.

“Nimekuuliza, msichana. Kwa nini hajakuja?”

“Mzee, hilo muulize yeye. Mimi niulize kuhusu filamu. Haijaisha, na watu wako hawajui atachinjwa au hatachinjwa. Washa.”

“Ati washa!” Njuki alinyoosha mkono. “Leta hiyo kitu hapa. Nitamalizia mimi.”

“Utamalizia nini? Unajua amesema nini?”

“Kwani nani anajuanga? Ni kuongea tu!”

Alikuwa amekwisha kuishika maikrofoni, mkono wake juu ya mkono wa Tabby, wakivutana, mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Alitoka mwanamume mwembamba mwenye pengo la meno, vumbi la Manyatta mpaka magotini, na nyuma yake Zuleka ameshika kikombe cha chai kilichonywewa nusu. Hakuna aliyempisha, kwa sababu hakuna aliyemjua. Ni Kasim tu aliyesema, “Muchangi!” na jina hilo likapita benchi kwa benchi, na watu wakainuka kumwangalia yule waliyemsikiliza miaka tisa.

Tabby alitamani sakafu ipasuke. Alimwona babake akija, uso hausomeki, akajua kwamba amemuua kama alivyosema. Muchangi akanyoosha mkono. Njuki aliiachia maikrofoni haraka, akirudi nyuma kwa heshima. Tabby naye akaiachia.

Muchangi akaiweka karibu kabisa na midomo. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua.

“Ni mimi,” alisema. “Hii ndiyo imebaki.”

Mama mmoja alijishika mdomo. Benchi za mbele zilikaa chini moja baada ya nyingine.

“Koo ni gonjwa. Niliona haya kuwaambia. Leo nimekuja kumtoa huyu mtoto, kwa maana nilimkataza.” Akapumzika, akavuta pumzi. “Nimefika mapema. Nimekaa jikoni kwa Mama Abubakr, nikasikiliza tangu ile barua ya mfalme. Sikuweza kumtoa.” Mtu alitaka kusema jambo, akanyamazishwa. “Miaka tisa nimewatafsiria. Kiingereza sijui hata kidogo. Yeye anajua. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia filamu.”

Kicheko kidogo kilipita ukumbini, cha watu wenye machozi karibu. Muchangi alimgeukia Kasim.

“Kiti si changu tena, na si cha Njuki. Kama utampa mwingine mbele yangu, nirudishie na mimi fedha zangu za mlangoni.”

“Hujalipa mlangoni,” alisema Kasim.

“Basi washa.”

Akamrudishia binti yake maikrofoni. Hakumkumbatia, kwa kuwa si desturi yetu mbele za watu, lakini alimkunjia vizuri kola ya lile koti lililomzidi, kama baba anayempeleka mtoto shule ya bweni. Kisha akatafuta pa kukaa. Benchi za mbele zilijaa, wanaume wakainuka kumpisha, akawapita. Alienda nyuma kwa akina mama, akaketi chini kwenye simiti kati ya watoto, uso ameuelekeza kwenye kioo.

Kasim akabonyeza kitufe. Shuka lilikuwa bado sakafuni na hakuna aliyelishughulikia. Jemadari akashusha upanga nusu, akauliza, na Tabby akamwulizia: “Jina lako ni nani?”

Midomo ya msichana ikafunguka. Tabby akainua kichwa ukumbi wote umwone, akajibu kwa sauti yake mwenyewe.